Kiti cha Mpira wa Kikapu Kilichoundwa Nakuru: Maoni Yangu Baada ya Misimu Miwili

Kiti ninachokieleza hapa kiliundwa katika karakana ndogo iliyo mtaa wa Shabab, jijini Nakuru, nami nimekichezea misimu miwili kamili ya mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Nilikilipia shilingi 52,000 kutoka mfukoni mwangu kwa awamu tatu, sikupunguziwa hata shilingi moja, na fundi hajui kwamba ninaandika. Karakana yenyewe haina kibao cha jina. Ukiwauliza wahudumu wa boda boda wa mtaa huo anakofanyia kazi fundi wa viti vya magurudumu, watakufikisha mlangoni.

Ni lazima niseme kwanza mimi ni mtu wa aina gani, kwa kuwa kiti cha michezo hakiwezi kuhukumiwa bila kuujua mwili unaokikalia. Nilikuwa mwanajeshi wa nchi kavu. Vikosi vya Kenya vilivuka mpaka kuingia Somalia mwezi Oktoba 2011, na zamu yangu ilipofika nilikwenda kama wenzangu. Gari letu lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani, nikatolewa nikiwa hai, lakini uti wa mgongo ulikuwa umeumia kwenye pingili ya kumi ya kifua. Maana yake ni kwamba kuanzia kitovuni kwenda chini sihisi chochote wala siwezi kusogeza kiungo, ila mikono, mabega na sehemu ya juu ya kiwiliwili vinanitii kama zamani. Nilistaafishwa kwa sababu za kiafya, nikarudi Nakuru ambako nilikuwa nimeishi miaka mingi karibu na kambi ya Lanet, na ambako familia yangu iko hadi leo, Free Area.

Kiti changu cha kwanza kilikuwa cha msaada, kile cha kukunjwa kinachoonekana katika wodi za hospitali. Kilikuwa na upana wa sentimita 46 ilhali nyonga zangu zina sentimita 37, hivyo kila nilipokata kona nililala upande mmoja kama gunia lililofungwa vibaya kwenye baiskeli. Magurudumu yalikuwa nyuma mno ya mabega yangu, na kwa miaka miwili nilisukuma mikono ikiwa imepinda kuelekea nyuma, hadi bega la kulia likawa linaniamsha usiku kwa maumivu. Waliokitoa walikusudia mema, nami sikatai. Hata hivyo hakuna aliyenipima. Niliambiwa nitie sahihi, nikapigwa picha, nikasukumwa nje ili anayefuata aingie.

Nilianza mpira wa kikapu nikiwa na kiti hicho hicho, na ndipo nilipotambua jinsi kilivyokuwa kinaninyima. Katika mchezo huu kila mchezaji hupewa pointi kuanzia 1.0 hadi 4.5 kulingana na uwezo wa mwili wake, na jumla ya pointi za wachezaji watano walio uwanjani haipaswi kuzidi 14. Mimi ni wa pointi 2.0. Mchezaji wa daraja langu hategemewi sana kufunga. Kazi yake ni kuziba njia, kumkwamisha mpinzani mrefu asifike chini ya kikapu, na kumfungulia nafasi mwenzake anayeweza kuinama na kunyanyuka. Kikapu hakishushwi kwa ajili yetu, kiko mita 3.05 juu kama cha wanaocheza kwa miguu, na ukiwa na mpira unaruhusiwa kusukuma magurudumu mara mbili tu kabla ya kuudundisha, kuutoa au kuurusha. Kazi ya kuzuia hufanywa na kiti chenyewe. Kikichelewa kugeuka kwa muda wa kupepesa jicho, mpinzani amekwisha kupita. Katika mechi yangu ya kwanza nilianguka chali mara tatu, na mara zote tatu mpira ulikuwa mbali nami.

Mchezaji mwenzangu ndiye aliyenipeleka Shabab. Nilifika nikitarajia kuonyeshwa viti vilivyokwisha kuundwa ili nichague kimoja, lakini fundi hakuwa na hata kimoja cha kuuza. Alitoa ubao mpana, akauweka juu ya matofali, akanisaidia kuhamia hapo, kisha akachukua futi ya fundi cherehani na daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Nilipojinyoosha kama nilivyozoeshwa kambini aliniambia, "Afande, usikae kama uko gwaride. Kaa unavyokaa ukichoka, dakika za mwisho za mechi." Nililegea, mgongo ukapinda, na hapo ndipo alipoanza kupima.

Alipima nyonga kwa vipande viwili vya mbao alivyovibana pande zote mbili, akapima umbali kati yake kwa futi mara mbili, akaandika. Alipima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kutoka goti hadi kisigino nikiwa nimevaa viatu vya kuchezea, na kutoka kwenye ubao niliokalia hadi ubavu wa mwisho ninaohisi. Kipimo hiki cha mwisho kilinishangaza, kwa kuwa alinitaka nifumbe macho huku akinigusa mgongoni kwa ncha ya kidole, akipanda polepole, hadi niliposema, "Hapo nahisi." Aliweka alama ya chaki kwenye fulana yangu. Alinieleza kwamba egemeo lazima lifike mahali mwili unapoanza kujishikilia wenyewe, kwa sababu likiwa fupi nitaanguka, na likiwa refu litanizuia kuzungusha mabega. Mwishoni aliegemeza gurudumu la inchi 24 kando yangu, akaniwekea kiganja juu ya kilele chake, akautazama mkunjo wa kiwiko kwa muda mrefu kabla ya kuamua ekseli ikae wapi. Kazi hiyo yote ilichukua saa moja na nusu. Katika hospitali na ofisi zote nilizopitia tangu kuumia kwangu, hakuna mtu aliyewahi kutumia muda kama huo kuuelewa mwili wangu kwa ajili ya kiti.

Fremu imeundwa kwa bomba la chuma, si aluminiamu, na haikunjiki. Magurudumu makubwa yameinamishwa, juu yakakaribiana na mapaja na chini yakatanuka, kwa digrii 18. Asiyeujua mchezo hudhani kiti kimeharibika. Mwinamo huo ndio unaokifanya kisipinduke kwa ubavu, kigeuke kwa mkono mmoja, na kikinge vidole wakati viti viwili vinapogongana, kwa sababu kinachogusana kwanza ni sehemu za chini za magurudumu, wala si mikono. Ugumu wake ni kwamba magurudumu yaliyoinamishwa hukosa kwenda sambamba kwa urahisi sana. Siku ya kuchukua kiti nilimwona fundi akipima umbali kati ya rimu mbili kwa kimo cha ekseli, kwanza upande wa mbele, kisha upande wa nyuma. Kulikuwa na tofauti ya milimita tatu. Mimi nisingeiona kamwe, tena nilikuwa na haraka ya kuondoka nacho. Alikataa kunipa. Aliieleza hoja yake kwa kunisukumisha kiti hicho kutoka ukutani hadi mlangoni, kisha akakirekebisha na kunisukumisha tena, nami nikahisi mikononi tofauti iliyokuwapo: mara ya kwanza magurudumu yalikuwa yanavutana, kila moja likitaka njia yake, na mara ya pili kiti kilikwenda chenyewe hadi mlangoni kwa msukumo mmoja.

Mbele kuna ubao wa chuma uliopinda wa kukinga miguu, na nyuma kuna gurudumu dogo la kuzuia kuanguka chali. Tangu nipate kiti hiki sijaanguka chali hata mara moja. Kiti kimeteremshwa upande wa nyuma ili magoti yakae juu kuliko nyonga, jambo linalomfaa mchezaji asiye na misuli ya tumbo, na mikanda miwili hunishikilia, mmoja kiunoni na mmoja mapajani. Nikigeuka, kiti kinageuka nami papo hapo.

Kasoro zipo, na kubwa zaidi ni mto. Mto uliokuja na kiti ulikuwa sponji moja laini iliyofunikwa kwa reksini. Kwa mtu anayehisi makalio yake hilo ni suala la starehe tu, lakini kwa mtu kama mimi ni suala la uhai. Ngozi inayobanwa kati ya mfupa na kiti kilichoota jasho hufa kimyakimya, bila maumivu ya kukuonya, na mimi nimewahi kulala kifudifudi majuma kumi na mawili kwa sababu ya kidonda kimoja kilichoanza kama doa jekundu la ukubwa wa sarafu. Baada ya mazoezi ya tatu mke wangu alilikuta doa la namna hiyo. Niliurudisha mto siku iliyofuata. Fundi hakubishana nami. Alinitengenezea mwingine wa tabaka mbili, gumu chini na laini juu, wenye kifuniko cha kitambaa kinachopitisha hewa na kinachoweza kufuliwa. Huu wa pili ni afadhali sana, lakini bado sipendekezi mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo autumie bila kukaguliwa ngozi yake kila jioni kwa majuma ya mwanzo. Mwenye mto wake mzuri aende nao siku ya kupimwa, ili kimo cha kiti kihesabiwe pamoja nao.

Kasoro ya pili ilijitokeza Kisumu. Tulialikwa kucheza huko, tukasafiri kwa matatu iliyopanda hadi Mau Summit, ikateremka Kericho, ikapita Awasi na Ahero hadi mjini. Magurudumu ya kiti changu huchomoka kwa kubonyeza kitufe katikati ya ekseli, hivyo fremu iliingia chini ya viti vya nyuma bila shida. (Kondakta alinitoza nauli ya abiria wa pili kwa ajili ya kiti, na nililipa kwa sababu mechi ilikuwa inaningoja, dhuluma hii huwapata wenzetu kila siku, na haijaniisha moyoni.) Katika robo ya tatu niligongana uso kwa uso na mchezaji mzito, nikasikia mlio mkavu, na ubao wa miguu ukainama. Palikuwa na ufa kwenye maungo, mahali bomba lilipochomelewa. Tulifunga kwa waya na mpira wa tyubu, nikamalizia mechi kwenye benchi.

Nililirudisha tatizo hilo Shabab nikiwa na hasira, na ni haki niseme lilivyoshughulikiwa. Fundi alikata maungo yale yote, akanionyesha kwamba chuma kilikuwa kimepata moto mwingi kupita kiasi kikawa chembamba, akakubali kuwa kosa ni lake. Aliingiza kipande cha bomba jembamba ndani ya lile pana, akaongeza vipande vya chuma vya pembe tatu kwenye kona, na hakunitoza chochote. Ni mwaka mmoja na miezi kadhaa sasa, nimegongwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na maungo hayo hayajafunguka. Nilipopita tena nilikuta viti vipya vilivyokuwa vinaundwa vimewekewa vipande hivyo vya pembe tatu tangu mwanzo.

Mengine niyapitie haraka. Kiti kina uzito wa kilo 15 na nusu, na kwa kweli uzito huo unahisiwa katika robo ya nne; viti vya aluminiamu vinavyoagizwa kutoka nje ni vyepesi zaidi, ingawa bei yake ni mara kadhaa ya hii niliyolipa. Nilikipata majuma matatu baada ya siku tuliyopatana. Rangi ilianza kubanduka miezi sita baadaye na kutu ikaingia karibu na magurudumu madogo ya mbele. Karakana haitoi risiti rasmi, jambo linalowaumiza wale wanaonunuliwa viti na wafadhili au ofisi za serikali. Na mlangoni kuna mtaro uliowekewa ubao mmoja mwembamba: fundi anayewahudumia watu wa magurudumu hana njia ya magurudumu ya kumfikia. Nimemwambia hivyo ana kwa ana, na mvua za masika zilipokuja nilimwambia tena.

Matumizi ya pili ya kiti hiki ni yale yanayonifanya nikithamini zaidi ya mechi. Kila Jumamosi asubuhi ninajitolea kuwafundisha watoto wenye ulemavu mpira wa kikapu katika uwanja wa saruji wa shule moja hapa Nakuru. Tulianza na watoto wanne na mpira mmoja uliokuwa ukivuja upepo. Watoto hao walikuja na viti vya kila namna, vingi vikiwa vya watu wazima, na nilikuwa nikiwatazama wakihangaika kama nilivyohangaika mimi, wakiambiwa na watu wema kwamba wajitahidi zaidi, kana kwamba tatizo ni bidii. Niliwaweka mmoja mmoja kwenye kiti changu nikakaa chini sakafuni. Hata kikiwa kikubwa kwao, walihisi kinavyogeuka, na mvulana mmoja aliyekuwa hasemi sana alizunguka duara mara saba bila kusimama, kisha akaniambia, "Mwalimu, hiki kinasikia."

Nilimpelekea fundi maneno hayo. Majuma machache baadaye aliniita nione kiti kidogo alichokiunda kwa mabaki ya mabomba, chenye bamba la ekseli lenye matundu matano, ili gurudumu lisogezwe mbele, nyuma, juu au chini kadiri mtoto anavyokua, na chenye ubao wa miguu unaoshushwa kwa kulegeza bolti mbili. Alituazima bila malipo. Kiti hicho hakina mwinamo mkubwa kama changu na hakifai mechi za ushindani, lakini kwa mafunzo ya watoto wa miaka tisa hadi kumi na minne ni bora kuliko kitu chochote tulichowahi kuletewa. Alinifundisha pia kazi ambazo sasa ninawafundisha wazazi: kuziba tyubu, kukaza spoki bila kuipinda rimu, kutoa nywele na nyuzi zinazojisokota kwenye beringi za magurudumu madogo, na kupima usambamba wa magurudumu kwa futi tu. Kiti cha mtoto mara nyingi hufa kwa sababu ya beringi ambayo haikusafishwa.

Mara moja kwa mwezi ninakwenda pia hospitali kuwaona walioumia mgongo karibuni, wengi wao wakiwa vijana wa boda boda. Huingia wodini nikiwa kwenye kiti cha kuchezea, si kile cha nyumbani, kwa makusudi. Huwasimulia kwamba michezo hii ilianzia mahali kama hapo walipolala: tarehe 29 Julai 1948, siku ambayo Olimpiki ya London ilifunguliwa, daktari Ludwig Guttmann aliwapanga wanajeshi 16 waliojeruhiwa, wanaume 14 na wanawake wawili, katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, washindane kulenga shabaha kwa mishale. Kufikia mwaka 1960 yalikuwa yamekuwa Paralimpiki ya Roma, mashindano ya dunia ya wanamichezo wenye ulemavu, na mpira wetu wa kikapu ukiwemo; mwaka 1972, huko Heidelberg, Kenya ilishiriki Paralimpiki kwa mara ya kwanza. Kijana anayesikiliza haya akiwa amelala chali huwa hajali sana tarehe. Anachokitazama ni magurudumu yaliyoinama, na swali la kwanza huwa karibu kila mara ni moja: kilinunuliwa wapi, na kwa kiasi gani?

Kwa hiyo ninajibu hapa. Mchezaji wa mpira wa kikapu wa pointi za chini au za kati, anayecheza katika ligi na mashindano ya humu nchini, atapata Shabab kiti kinachomtosha mwili na kinachoweza kurekebishwa siku hiyo hiyo kikiharibika, jambo ambalo kiti cha ng'ambo hakimpi. Mchezaji wa pointi 4 anayekimbia sana na anayetazamia timu ya taifa huenda akaona uzito huu unamchelewesha. Wanariadha wa mbio wasijisumbue, kwani kiti cha mbio kina magurudumu matatu na mkao tofauti kabisa, na fundi mwenyewe husema wazi kwamba hakiundi. Kwa matumizi ya nyumbani sikishauri: kitapita kwa shida kwenye mlango wa kawaida kwa sababu ya upana wake wa chini. Mnunuzi apatane kwa maandishi tarehe na awamu za malipo, aombe vipande vya pembe tatu kwenye maungo yote ya mbele, na aongeze muda wa majuma matatu katika hesabu zake.

Mimi nimekwisha kurudi huko kwa oda nyingine. Mmoja wa watoto wetu wa Jumamosi, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyezaliwa na mgongo wazi, amekuwa hodari kiasi kwamba kiti cha kuazima hakimtoshi tena, na wazazi wa timu wamechanga awamu ya kwanza. Alipimwa juma lililopita juu ya ubao ule ule na matofali yale yale, akafumba macho fundi alipopanda na kidole mgongoni. Kipimo kimoja hakikukamilika. Alikuwa amekuja na ndala, na fundi alimwambia mama yake, "Mama, mlete tena Alhamisi na raba zake za mchezo, mguu siupimi bila kiatu."